UZI: Mwenzangu aliyekuwa akipitisha kahawa Mji wa Kale, Mombasa. Mlioketi naye barazani, njooni

Mwana wa Kuze:

Assalaam aleikum. Na wasiokuwa Waislamu, hamjambo nyote.

Nimetoka edani, nilimokaa kwa kufiwa na mume wangu. Miezi 4 na siku 10 za sheria nilizokaa ndani, wageni hawakukatika, na karibu kila aliyekuja kunipa pole alisema neno moja: "Marehemu alikuwa mcheshi sana." Nawashukuru wote waliolisema. Ila neno hilo halimtoshi. Ucheshi wake aliufanyia kazi, tena kazi ngumu, na mimi niliyeishi naye nyumba moja ndiye niliyeiona. Nataka niieleze ingali bichi moyoni. Na nanyi mliokuwa mkiketi naye, niambieni ya huko nje nisiyoyajua, maana baraza za wanaume mimi hupita tu na buibui langu, sikai. Watoto wetu bado wadogo. Wakikua wataniuliza babao alikuwa mtu gani.

Kwa wasiomjua: alikuwa muuza kahawa. Dele, birika la kahawa la shaba, na makaa yake mkono mmoja, vikombe mkono wa pili akivigonganisha, na ndoo ya maji ya kusuuzia. Alianzia Kuze baada ya alasiri, akashuka Kibokoni, akakata kuelekea Ndia Kuu, magharibi ikamkuta karibu na msikiti wa Mandhry, na baada ya isha akarudi kwenye baraza kubwa za Kibokoni mpaka dele likauke. Njia yenyewe si ndefu, mtu mwenye haraka huimaliza mara moja. Yeye ilimchukua jioni nzima, kwa sababu hakuna mlango aliopita bila kusimamishwa.

Kazi yetu ilianza asubuhi. Buni alizinunua Marikiti, zikiwa mbichi, akazipepeta na kuzichagua kwenye ungo, zilizotobolewa na wadudu akatupa. Akazikaanga mwenyewe, taratibu, akizigeuza bila kuondoka jikoni hata aitwe na nani, mpaka ziwe nyeusi na ziote mafuta. Halafu kinu. Kahawa ya mashine hakuitaka. Tangawizi aliiponda siku ile ile, na miezi ya kusi, Juni na Julai upepo unapokuwa baridi, aliizidisha kwa ajili ya wazee wenye vifua. Sukari ndani ya dele haikuingia kamwe. Utamu ni wa kashata, na kashata ni zangu.

Kashata ndizo zilizotukutanisha. Nyanyangu alikuwa akizipika Kuze, nami nikikaa juu ya mbuzi nikimkunia nazi. Kijana wa kahawa alikuja kila siku kuchukua za kuuza. Mwanzo alilipa akaenda. Baadaye akaanza kukosoa: leo sukari imeepuliwa mapema, leo iliki imezidi. Nyanya alikasirika, kisha akamzoea, kisha akawa hapiki mpaka amuulize za jana zilikuwaje. Siku moja nilizipika mimi peke yangu, nyanya anaumwa. Akaonja mbele ya mlango, akasema, "Hizi zimepikwa na mtu mwenye mawazo." Na kweli nilikuwa na mawazo. Nilijificha nyuma ya pazia nikiona haya, maana hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameliona hilo.

Babangu alipopelekewa posa hakupendezwa. Muuza kahawa atakulisha nini? Lakini wazee waliokuja kumposea ndio wale wale babangu aliokuwa akiketi nao kila usiku, na wengine walitoka baraza za mbali. Kijana yule hakuwa na mali, lakini alipohitaji watu wa kusimama mbele yake, walikuja wengi kuliko viti tulivyokuwa navyo. Mamangu alitandika mikeka uani.

Basi tukawa wenza wa nyumba na wa kazi. Kila usiku alimwaga sarafu juu ya mkeka akazigawa mafungu: hizi za makaa, hizi za buni, hizi za nyumba. La mwisho alinisukumia mimi. "Hizi ni zako, si za nyumba." Mauzo ya kashata hata siku moja hakuyachanganya na yake, hata siku ambazo fungu langu lilizidi la nyumba nzima. Najua wanawake wengi hapa mtaelewa kwa nini nalitaja hili kabla ya mengine.

Sasa nije kwenye ile kazi niliyosema. Kabla ya kutoka, akishaswali alasiri, alikuwa akikaa kitandani, macho sakafuni, hasemi na mtu. Nilipokuwa bibi arusi nilidhani amenikasirikia. Nilipomuuliza alinijibu, "Napanga watu." Alikuwa akizipitia baraza moja moja kichwani. Nani mgonjwa. Nani bintiye amerudi na talaka. Nani jana alishindwa karata akaondoka na donge. Nani hajaonekana tangu Ijumaa. Mzaha wake wote ulitoka humo. Ndiyo maana hakumtania mtu juu ya jambo linalomuuma, na ndiyo maana mtu mwenye msiba alimwona yeye hawi na mzaha siku hiyo, anamimina tu na kukaa kando yake. Watu walidhani mdomo wake ni mwepesi. Mdomo wake ulipita kwenye moyo kwanza.

Kuna ndugu wawili, sitawataja, nyumba ya urithi iliwafarakanisha. Waliketi baraza moja, huyu ncha hii na yule ncha ile, salamu hakuna. Mwenzangu alipofika kwao alisema vikombe vimemwishia, amebaki na kimoja, wanywe kwa zamu. Vikombe vilikuwa tele ndani ya ndoo, na kila mtu alivisikia vikilia. Yule wa kwanza alikataa akaondoka. Kesho yake tena: kimebaki kimoja. Na kesho kutwa. Alifanya hivyo kusi nzima, hata wenzake wa barazani wakamwambia aache, anawasumbua wazee. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mkubwa akamsukumia mdogo kikombe akamwambia, "Anza wewe." Nyumba haijagawanywa mpaka leo, lakini wanaulizana hali, na mtoto wa mmoja alipoolewa mwengine ndiye aliyesimamia biriani.

Alikuwa na shairi lake alilolighani akifika baraza mpya. Wengi mtalikumbuka:

*Kahawa yangu si maji, ni dawa ya walochoka,*
*Anywaye si mhitaji, moyo wake hufunguka,*
*Karibu hata mwenyeji, na mgeni alofika,*
*Pasiwe na mgombaji, kikombeni twakutana.*

Presha ndiyo iliyomchukua, usiku mmoja, na hospitali hakuwahi kufika. Hilo sitalizungumzia zaidi. Alizikwa Kikowani baada ya adhuhuri, na sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo hata mazishi yake nimeyasikia kwa watu.

Haya, semeni.

Mtoto wa Likoni:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Dada, Mungu akuzidishie subira.

Mimi ni mmoja wa wale aliowashikisha ndoo. Nilikuwa nimemaliza skuli, kazi sina, kila siku navuka feri asubuhi kutafuta kibarua upande wa kisiwani na jioni narudi mikono mitupu. Nilikuwa nimekaa karibu na Ngome peke yangu. Akaja, hakuniuliza jina wala natafuta nini. Akasema, "Yakhe, nishikie ndoo hii, mkono umechoka." Nikashika. Nikazunguka naye. Kila baraza akisema, "Huyu ni mgeni wangu kutoka Likoni," kisha ananyamaza, ananiacha niulizwe maswali na wazee mwenyewe. Baraza ya kwanza niliona haya. Ya pili nikajibu. Tulipofika Ndia Kuu nilikuwa napiga soga kama mzaliwa.

Nilishika ndoo ile mpaka mwenye duka la leso Mtaa wa Biashara, Mbohora mmoja aliyekuwa akipenda kahawa yake, akaniuliza kama najua kupima kitambaa. Nipo pale hadi leo. Mkono wake haukuwa umechoka, dada. Nilikuja kufahamu baadaye sana.

Fundi wa Changamwe:

Pole shemeji. Mimi ni Mkamba, mchongaji wa vinyago Changamwe, Mkristo. Nilikuwa nikileta mzigo kwenye maduka ya watalii karibu na Fort Jesus, naye alinikaribisha barazani miaka mingi.

Umesema mazishi umeyasikia kwa watu, basi nikuongezee langu. Nilisimama pembeni barabarani nikidhani si mahali pangu. Jeneza lilipokuwa linapita, mzee mmoja simjui akanivuta mkono akaniweka bega langu chini yake, akasema, "Huyu alikuwa wako pia." Nililibeba hatua chache tu, maana watu walikuwa wanapokezana haraka, kila mtu anataka zamu. Pale nilimwona mwenye tuktuk, mabaharia wa jahazi, walimu, hamali wa sokoni, na mwanasheria mmoja mwenye tai. Njia yote mpaka Kikowani jeneza halikukaa juu ya bega moja.

Mwana wa Kuze:

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la bega hakuna aliyeniambia. Nitawasomea watoto leo usiku.

Kwa kuwa mmeanza, niongeze habari ya 2020, mwaka wa korona, maana mwaka ule ndio ulionionyesha nimeolewa na nani. Kafyu ilianza Machi 27, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Fikirini muuza kahawa amefungiwa ndani saa 1 jioni! Saa zake zote za kazi zilikwenda. Misikiti nayo ilikuwa imefungwa. Kisha mwezi wa Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, haingii mtu wala hatoki, mpaka mwanzoni mwa Juni. Tarawehe tuliswali nyumbani. Baraza zilikuwa tupu, paka tu ndio waliolala juu yake.

Siku za mwanzo alikaa kimya, na nilimwogopea. Mtu aliyezoea kuzungumza na mji mzima, sasa anazungumza na mimi na ukuta. Asubuhi moja nikaamka nikamkuta jikoni anakaanga buni. Nikamwambia, utamuuzia nani? Akasema, "Siuzi. Napanga watu."

Aliifunga kahawa ya unga kwenye vikaratasi vidogo, pamoja na kipande cha tangawizi, akawa anatembea mchana ndani ya mtaa, barakoa usoni. Alibisha, akaweka karatasi kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa akasubiri. Haondoki mpaka asikie sauti. Nyumba za wazee wanaokaa peke yao ndizo alizozianza, na kuna ajuza mmoja wa Mkanyageni ambaye hakujibu. Alibisha tena na tena, kisha akaita majirani wakavunja mlango. Walimkuta ameanguka uani tangu usiku, yu hai. Yule bibi aliishi miaka mingine, na kila Idi alimpelekea mwenzangu sahani ya vileja.

Pesa tulizokula miezi ile zilikuwa za fungu langu, lile la kashata, nililokuwa nimeliweka kwenye chama. Alinishukuru mbele ya watoto, akataja na kiasi, ili wajue.

Bint Bondeni:

Shoga, nimelia mpaka simu imelowa. Sikujua kama ni wewe.

Ngoja nikupe la babangu. Baba alianza kusahau. Kwanza majina, kisha siku, mwisho akawa anaamini yeye bado ni karani Bandari ya Kale na majahazi yanaingia kila kaskazi kutoka Arabuni yamejaa tende. Sisi watoto tukimrekebisha. "Baba, umestaafu zamani, majahazi hayo hayaji tena." Kila tukimrekebisha anakasirika, analia, anataka kutoka.

Mumeo alipopita siku moja, baba alimwuliza jahazi gani limetia nanga. Sisi tukashika pumzi. Yeye akaketi, akamimina, akasema, "Mzee, mimi nimechelewa sikuliona vizuri. Wewe umeona limebeba nini?" Baba akaanza kueleza! Akaeleza tende, chumvi, mazulia, nahodha alivyokuwa mkali, ushuru ulivyokuwa unaandikwa. Nusu saa nzima, bila kukwama. Tangu hapo kila jioni alijitambulisha upya, kwa sababu baba hakumkumbuka: "Mimi ni kijana wa kahawa, mzee." Na kila jioni akauliza habari ya jahazi. Sisi tukajifunza kwake. Sasa ndivyo tunavyozungumza na baba, na nyumba imetulia.

Baba yu hai. Jioni bado anauliza kijana wa kahawa yuko wapi.

Jicho la Nje:

Pole kwa msiba. Lakini dada yangu, mwanamke ametoka edani juzi, kuja kuyamwaga ya ndani ya nyumba mbele ya watu si adabu yetu sisi Waswahili. Marehemu anatakiwa dua. Hadithi ziache.

Mwana wa Kuze:

Ami, nakuitikia kwa heshima, maana naona umesema kwa kujali.

Dua naomba, kila sala, na hitima imesomwa. Lakini wazee waliotulea walikaa matangani wakimtaja marehemu kwa mema yake hadi usiku wa manane, na sisi watoto tulilala miguuni mwao tukisikiliza. Humo ndimo nilimojulia babu zangu. Sijatoa siri ya chumba hapa. Nimesema alinilipa haki yangu, aliwaheshimu wagonjwa, alipatanisha ndugu. Haya yakifichwa, vijana watajifunza wapi kwamba mwanamume wa Mvita anaweza kuwa hivi? Wanaosifiwa siku hizi ni wenye magari. Mimi niliyemjua ndiye mwenye deni la kusema, na nitasema.

Bint Bondeni, habari ya mzee aliwahi kunigusia, ila kwa namna yake. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Leo jahazi limeleta mazulia." Nikadhani ni mzaha wa barazani nisioujua. Kumbe alikuwa akinipa habari za babako.

Kijana wa Makadara:

Pole sana, khala. Swali moja tu, na unisamehe kama nimekosea kuuliza: dele lake liko wapi? Tulisikia limeuzwa kwa mwenye duka la vitu vya kale, kuwapambia watalii.

Mwana wa Kuze:

Hujakosea, mwanangu. Halijauzwa. Mwenye duka alikuja kweli, akataja bei nzuri, nikamwambia chombo hiki bado kina kazi.

Liko kwa kijana aliyemshikia ndoo mara ya mwisho, mtoto wa Majengo, mtaratibu. Shughuli ilianza baada ya arubaini, kwa ruhusa yangu, nami nikiwa bado edani namwelekeza nyuma ya mlango. Makubaliano yetu ni haya: kodi ya dele simtozi, ila kashata lazima anunue kwangu na alipe usiku ule ule. Kahawa yake ni nzuri, kwenye kukaanga nimemsimamia. Tatizo anatembea upesi. Anamimina, anapokea pesa, huyoo. Nikamwambia kabla ya kutoka aketi kwanza, apitie watu. Akaniuliza, "Watu gani, mama, mimi siwajui." Ana haki. Basi nimeanza kumwandikia, baraza kwa baraza, yale niliyoyasikia miaka yote mwenzangu akirudi na habari zake: huyu masikio hayasikii upande wa kushoto, huyu usimpe kashata ana sukari, hawa wawili wape kikombe kimoja hata wakipatana. Mkiniandikia hapa mnanisaidia hilo pia.

Ombi la mwisho. Mwenye picha yake yoyote aniletee kwa ujumbe wa faragha. Nyumbani tuna chache mno, na katika zote amegeuza uso, kwa sababu siku zote alikuwa akizungumza na mtu aliye pembeni. Kuna harusi moja ya Bondeni alighani shairi lake mbele ya bwana arusi, na nimesikia kuna aliyerekodi. Sauti yake ndiyo watoto wanayoiulizia zaidi.

Bint Bondeni, nataka nije kumsalimu mzee, nije na yule kijana na dele. Huwa macho saa ngapi?

Bint Bondeni:

Njooni baada ya alasiri, shoga. Kashata ziwe za nazi, za njugu hawezi tena, meno yamekwisha. Na huyo kijana mwambie mapema: akiulizwa jahazi gani limeingia, asijibu. Aulize limebeba nini.